Mawe Yaliyovuka Bahari

Jumapili asubuhi, wakati nyumba nyingi za Spring Valley bado zimefunga mapazia, magari kadhaa huwa yameshaanza kuteremka Lower Kabete Road. Ndani mna akina bibi waliovaa sari, watoto wanaosinzia kwenye viti vya nyuma, na pengine sinia la matunda lililofunikwa kwa kitambaa. Hupita Westlands, huingia Parklands, na mengi huishia Forest Road au Ngara. Huko ndiko mahekalu yaliko. Spring Valley ina miti mikubwa, kuta ndefu na makazi ya mabalozi, lakini mwenyeji wake Mhindu akitaka kusali katika hekalu kubwa, sharti awashe gari.

Jambo hilo lina historia, wala si ngeni kwa anayeijua Nairobi. Enzi za ukoloni, vitongoji vya magharibi viliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliondoa ubaguzi wa makazi mijini kwenye karatasi za serikali, ila hati za viwanja ziliendelea kubeba masharti yaliyomzuia Mhindi na Mwafrika kumiliki nyumba upande ule. Wahindi wakajibana Ngara, Pangani, Eastleigh na baadaye Parklands, na huko wakajenga shule, zahanati, kumbi za harusi na mahekalu. Uhuru ulipofika mwaka 1963, wenye uwezo walipanda kilima wakanunua Westlands, Spring Valley na Loresho. Familia zilihama na masanduku yao. Mahekalu yakabaki pale pale, na hadi leo ukiyatia alama kwenye ramani ya jiji utakuwa umechora mipaka ya zamani ya mkoloni bila kukusudia.

Kati ya mahekalu hayo, lipo moja Forest Road linalowababaisha wageni. Ni la BAPS Shri Swaminarayan, na rangi yake ni ya asali. Lina minara iliyochongoka, kuba, matao yenye nakshi kama ya kitambaa cha kufuma, na nguzo ambazo hakuna mahali jicho linaweza kutua bila kukuta ua, mnyama au mchezaji ngoma. Mgeni akiliona mara ya kwanza huuliza lina karne ngapi. Lilifunguliwa Agosti 1999. Mkazi wa Parklands mwenye miaka 35 amelizidi umri, na huenda akiwa mtoto alipita hapo fundi akiwa bado anagonga nyundo.

Hata hivyo mgeni huyo hajakosea sana. Jengo ni changa, lakini kila kipimo chake kinafuata kanuni zilizokuwa zikitumika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na njia iliyozifikisha kanuni hizo Nairobi ni ndefu kuliko reli ya Mombasa.

Njia yenyewe inaanzia pwani. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, alikuta merikebu nne za Wahindi bandarini. Wareno walikuwa na hamu kubwa ya kuwapata Wakristo wa Mashariki, basi wakawakaribisha wageni hao chomboni na kuwaonyesha picha ya Bikira Maria. Wageni wakasujudu, wakatoa karafuu na pilipili manga kama sadaka. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za safari kwamba ni Wakristo, na kwamba walikuwa wakilitaja jina la Kristo kwa sauti. Wanahistoria wanaoisoma habari hiyo leo wanaona uwezekano mkubwa kwamba jina lililotajwa lilikuwa la Krishna, mungu wa Kihindu. Wageni wale hawakula nyama ya ng'ombe, na mwandishi wa safari mwenyewe alilitambua hilo, ila halikumshtua.

Waswahili, waliowafahamu zaidi, waliwaita Mabaniani. Lugha imewahifadhi katika methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", ambayo imetia dharau na shukrani ndani ya kiatu kimoja. (Na hapa msomaji akumbuke tofauti ambayo Kiswahili cha mtaani huisahau: Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Kalasinga, Mjaini au Mkristo wa Goa, ilhali Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu.) Unguja, kuanzia miaka ya 1830, forodha ya Sultani ilikodishwa kwa Jairam Shivji, mfanyabiashara Mbhatia kutoka Kutch, na kwa miongo mingi nyumba hiyo ya biashara ndiyo iliyokusanya ushuru wa karafuu na pembe. Wabhatia hao hao wa Kutch walikuwa na makao Maskati, ambako hekalu la Shiva limesimama kwa vizazi karibu na kasri la Sultani. Katika Mji Mkongwe, anayepita Hurumzi bado husikia kengele ya hekalu ikilia kati ya nyumba za mawe ya matumbawe.

Bara ilikuwa hadithi nyingine. Reli ya Uganda ililetewa vibarua wapatao 32,000 kutoka India kwa mikataba, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walifia kazini, na waliochagua kubaki baada ya mkataba hawakufika 7,000. Kuna dhana kwamba kila mwenye duka Mhindi nchini Kenya ni mjukuu wa kuli wa reli. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya Wagujarati walikuja kwa nauli zao wenyewe, wakifuata ndugu aliyetangulia kufungua kiduka.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mtaa wa maduka ya Wahindi ukachipuka pembeni ya kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilizuka, na wakuu wa mji wakautia moto mtaa huo wote. Mwaka uliofuata, 1903, Wahindu wa Nairobi waliunda tawi la Arya Samaj. Inafaa kutaja kwamba hawa, miongoni mwa Wahindu wa kwanza kujipanga rasmi mjini, ni wafuasi wa vuguvugu lisilotumia sanamu kabisa. Ibada yao ni moto na maneno ya vitabu vitakatifu vya Veda, na shule waliipa uzito mkubwa. Anayedhani Uhindu ni kitu kimoja angeanza kupata shaka tangu hapo.

Wenye mawe walikuja baadaye kidogo, nao ni watu wa Kutch.

Kutch ni wilaya kavu ya Gujarat inayopakana na bahari na jangwa la chumvi. Mvua ni haba, kwa hiyo kijana wa jamii ya Leva Patel alijifunza uashi kama akiba ya siku ambazo shamba limegoma. Waashi hao walipofika Nairobi walikuta mji wa mabati unaotaka kugeuka mji wa mawe, na jiwe la kijivu la kuchimbwa papo hapo. Wakafanya kazi bega kwa bega na mafundi na vibarua Waafrika, na ingawa vibao vya ufunguzi vilichongwa majina ya magavana, mikono iliyopanga mawe ya majengo mengi ya mji ilikuwa ya mafundi wa aina hiyo. Jioni walirudi Ngara na Pangani kusali katika vyumba vya kupanga. Wengi wao walikuwa wafuasi wa Swaminarayan, mtawa aliyezaliwa 1781 huko Chhapaiya, kaskazini mwa India, akafariki 1830 Gujarat baada ya kujenga mahekalu makubwa Ahmedabad, Bhuj na kwingineko. Mwaka 1945 waumini walio chini ya Bhuj walifungua hekalu lao Nairobi. Hekalu mama la Bhuj, la miaka ya 1820, liliharibiwa vibaya na tetemeko la Januari 2001, na hekalu jipya lililochukua nafasi yake lilifunguliwa mwaka 2010.

BAPS ni tawi jingine la mafundisho hayo hayo, lililoanzishwa Gujarat mwaka 1907. Afrika Mashariki lilienea kwa njia ya kipekee, yaani kwa ratiba ya treni. Wafuasi wake wa mwanzo walikuwa wengi wao wafanyakazi wa reli, makarani na wakuu wa stesheni, na mtu akihamishwa kutoka stesheni moja kwenda nyingine, kikundi cha ibada nacho kilihamia huko. Yogiji Maharaj, kiongozi wao wa wakati huo, alikuja kutoka India mwaka 1955 na kufungua hekalu Mombasa, la kwanza la BAPS nje ya Bara Hindi. Alirudi 1960, akafungua mengine Uganda, na safari yake ya mwisho ilikuwa 1970, Nairobi ikiwemo. Miaka miwili baadaye Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na mahekalu ya Kampala na Jinja yakabaki bila waumini.

Jamii hiyo ya BAPS ndiyo iliyoamua, robo karne baadaye, kwamba Nairobi ijengewe hekalu la mawe la kanuni za kale. Lilipokamilika, kiongozi wa BAPS, Pramukh Swami Maharaj, alikuja kuliweka wakfu, na hutajwa kuwa la kwanza la jadi la mawe na mbao barani Afrika.

Kanuni zenyewe zinastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndizo zinazomfanya mgeni wa Forest Road akosee umri.

Kwanza ni mraba. Vitabu vya kale vya ufundi, viitwavyo Shilpa Shastra, vinamtaka fundi achore kwanza mraba uliogawanywa vyumba 64 au 81, kila chumba kikiwa na mlinzi wake. Mraba huo ndio unaoamua ukuta ukae wapi, mlango uelekee wapi na mnara upande kwa kiasi gani. Katikati ndipo pa mungu. Chumba hicho cha ndani huitwa garbhagriha, maana yake nyumba ya tumbo la uzazi, na katika mahekalu ya kale ni kidogo, chenye giza na hakina dirisha. Mwenye kuja kusali hutoka kwenye jua kali, akapanda jukwaa, akapita ukumbi wa nguzo ambao mwanga wake ni nusu, mpaka akafika kwenye kijitaa cha samli kinachomulika uso wa sanamu. Jengo zima limepangwa kumpunguzia mtu mwanga na kelele hatua kwa hatua. Akimaliza, hulizunguka, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa mungu.

Juu ya chumba hicho husimama shikhara, yaani kilele cha mlima, kwa kuwa miungu wakaao juu ya milima ya Meru (ule wa masimulizi ya Kihindu) na Kailasa hujengewa mlima wao mjini. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo mengi hapa. Wazee wa Kikuyu waliomba wakielekea Kirinyaga. Kaskazini mwa India mnara huo hupinda kwa ndani unavyopanda, na mtindo wake huitwa Nagara. Kusini, kama Thanjavur ambako mfalme Rajaraja alikamilisha hekalu lake kubwa mwaka 1010, hupanda kwa ngazi kama piramidi. Hekalu la Nairobi ni la ukoo wa kaskazini.

Halafu kuna suala la chuma, ambalo mafundi hulisimulia kwa fahari. Hekalu la jadi la mawe halitiwi nondo. Zipo sababu za kidini, lakini ya kiufundi inaeleweka na kila mkazi wa Nairobi aliyewahi kuona dari ya zege ikibanduka na kuacha vyuma vyekundu nje: chuma kikipata kutu hufura, na kikifura hupasua kile kilichokikumbatia. Jiwe peke yake hudumu. Tatizo ni kwamba jiwe lina nguvu likikandamizwa na ni dhaifu likilazwa kama boriti, maana hupasuka katikati. Kwa hiyo fundi husogeza nguzo karibu karibu, huweka vichwa vya nguzo vinavyochomoza pande zote ili kufupisha pengo, na kuba huijenga kwa kupanga duara juu ya duara, kila moja likiwa dogo kuliko la chini yake, hadi juu kabisa jiwe moja lifunge shimo. Zile nguzo nyingi ambazo mgeni hudhani ni mapambo, kwanza ni hesabu za uzito. Nakshi zilikuja juu ya hesabu.

Mswahili wa Lamu au Kilwa angeielewa hesabu hiyo mara moja. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya takriban mita tatu. Fundi mmoja alibanwa na mkoko, mwingine na jiwe, na wote wawili wakageuza mbano huo kuwa mtindo. Hata tarehe zinakaribiana. Hekalu la jua la Modhera, Gujarat, lenye birika la ngazi lililozungukwa na vihekalu vidogo 108, ni la mwaka 1026 hivi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Jahazi zilizosafiri kwa kaskazi na kusi ziliunganisha pande hizo mbili katika enzi za majengo hayo.

Jiwe la hekalu la Forest Road ni la manjano kutoka Jaisalmer, Rajasthan, mji wa jangwani ambao ngome yake ya mwaka 1156 huonekana kama imeota mchangani. Lilichongwa India na kuletwa kwa meli. Kazi hii huenda hivi: kila kipande huchorwa, huchongwa na kupewa namba, kisha hupakiwa kwenye makreti; huku ng'ambo mafundi hukipanga kama mtoto anayeunganisha fumbo, ila kila kipande kinahitaji winchi. Kosa la kidole kimoja kwenye safu ya chini huwa kosa la kiganja kileleni. Ufundi huo haukukatika kwa sababu umeshikiliwa na koo, hasa Wasompura wa Gujarat, ambao mmoja wao, Prabhashankar Sompura, alisanifu hekalu jipya la Somnath lililowekwa wakfu 1951. Ndani, jiwe linaupisha mti. Mbao zimechongwa kuanzia nguzo hadi dari, na mtu aliyekulia Mombasa au Unguja husimama hapo akihisi kwamba ameshawahi kuyaona maua haya. Ameyaona kweli, kwenye milango. Mafundi wa Kigujarati walichangia sana nakshi za milango ya pwani katika karne ya 19.

Sanamu ikishawekwa na kufanyiwa ibada ya kutiwa uhai, haihesabiwi tena kuwa jiwe. Hutunzwa kama mgeni wa heshima: huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvikwa nguo, huandaliwa chakula, na mchana pazia hufungwa ili ipumzike. Mtalii asiyejua utaratibu huu hufika saa nane mchana na kukuta pazia limefungwa, akalaumu walinzi. Siku inayofuata Diwali huandaliwa Annakut, mlima wa vyakula mbele ya sanamu, na jikoni za Spring Valley na Loresho huwa hazizimwi siku kadhaa kabla yake. Hakuna nyama, samaki, yai, kitunguu wala kitunguu saumu. Mpishi wa Kiluhya au Kikamba aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba hizo anaweza kukuandalia vitafunio vya Kigujarati vya siku hiyo bila kuangalia kitabu, na huenda akakusahihisha ukikosea majina.

Kazi ya Nairobi haikuwa peke yake. Miaka minne kabla, Agosti 1995, BAPS ilifungua hekalu la Neasden, London, kwa mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Carrara, jumla ya vipande 26,300 vilivyochongwa India. Sehemu kubwa ya waumini waliolichangia walikuwa wametoka Kenya, Uganda na Tanzania, na katika ua wake si ajabu kusikia wazee wawili wakibishana kwa Kigujarati kilichochanganywa na "haya basi" na "pole pole". Februari 2024 likafunguliwa la Abu Dhabi, na Februari 2025 la Johannesburg. Hekalu la Forest Road limekaa katikati ya orodha hiyo, dogo kuliko hayo yote.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wahindu zaidi ya 60,000 nchini Kenya, idadi ndogo kuliko ya wapiga kura wa majimbo mengi. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini. Wengine walifurahi, wengine wakauliza kwa haki ni nini walichokuwa siku zote kabla ya tangazo hilo.

Wahindu huchoma maiti zao, na tanuri la Kariokor ndilo ambalo wamelitumia kwa miaka mingi. Oktoba 2011, baada ya mazishi ya kitaifa Uhuru Park, mwanamazingira Wangari Maathai alipelekwa huko. Alikuwa ameusia asizikwe kwa sanduku la mbao, kwa hiyo jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Kariokor si mbali na Ngara, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye hekalu la mawe ya manjano. Wenyeji bado husema Forest Road, lakini jina rasmi la barabara inayopita mbele ya lango lake sasa ni Profesa Wangari Maathai.